Miguu Haiui: Mhadhara Kuhusu Kupooza Kuanzia Kiunoni



Nimeombwa nizungumzie kupooza kwa miguu. Nitazungumza, ila naomba radhi mapema kwamba miguu yenyewe nitaigusia kidogo. Mtu akipooza kuanzia kiunoni, macho ya ukoo mzima huhamia miguuni. Watu wanaikanda, wanaichua kwa mafuta ya nyonyo, na kila kukicha wanauliza, "Vidole vimecheza?" Wakati huohuo, mahali ambapo hapatazamwi kwa sababu ya haya, kidonda kinachimba makalioni na mkojo unarudi nyuma kuelekea kwenye figo. Wodini sijaona mtu aliyeuawa na miguu isiyotembea. Niliowaona wakifa waliuawa na ngozi iliyooza na kibofu kilichosahauliwa. Yote mawili yanazuilika, tena nyumbani, kwa mikono ya mama, mke, kaka au mgonjwa mwenyewe. Hilo ndilo neno langu la leo, na yanayofuata ni ufafanuzi wake.

Mgongo ulivyo

Pingili za mgongo zimepangwa hivi: 7 za shingo, 12 za kifua, 5 za kiuno, halafu zile zilizoshikana za chini mpaka kwenye kifandugu. Ndani yake kuna mfereji, na ndani ya mfereji umelala ugwe wa mgongo. Urefu wake kwa mtu mzima ni kama sentimita 45, unene wake haupiti kidole kidogo cha mkono, nao ni laini kama ndizi iliyoiva. Ugwe huo unapokea amri kutoka kwenye ubongo na kuzishusha, unapokea habari kutoka mwilini na kuzipandisha. Jozi 31 za mishipa ya fahamu zinatoka humo kwenda kila pembe ya mwili.

Pingili ikivunjika au kuteguka na kuuminya ugwe, mawasiliano hukatika kuanzia hapo kwenda chini. Jeraha likiwa shingoni, mikono nayo huathirika. Likiwa kifuani au kiunoni, mikono hubaki mizima na miguu hupooza. Tusichanganye hali hii na kiharusi cha kawaida, ambacho hutokea ubongoni na mara nyingi huchukua upande mmoja wa mwili, mkono na mguu pamoja. Mtu aliyepooza miguu yote miwili tutazame mgongo wake kwanza.

Anachopoteza mgonjwa ni vitu vitatu. Cha kwanza ni mwendo, na hicho kila mtu anakiona. Cha pili ni hisia: hajui kama godoro ni gumu, kama chai imemmwagikia pajani, kama kiatu kinambana. Cha tatu ni udhibiti wa mkojo, haja kubwa na nguvu za tendo la ndoa. Hivi viwili vya mwisho havionekani, kwa hiyo havisemwi, na hapo ndipo hatari ilipo.

Siku na majuma ya mwanzo miguu huwa imelegea kabisa. Baadaye, kwa wengi wenye jeraha la shingo au kifua, hukakamaa na kurukaruka yenyewe, hasa usiku. Familia hushangilia kwamba mgonjwa anapona, na mganga aliyelipwa jana hupata sifa. Ukweli ni kwamba sehemu ya ugwe iliyo chini ya jeraha imeanza kufanya kazi bila kusubiri amri ya ubongo. Kuna wanaopona, wengine vizuri sana, hususan wale ambao ugwe haukukatika mawasiliano yote; mtu anayehisi mguso karibu na njia ya haja kubwa ana matumaini zaidi kuliko asiyehisi kitu. Lakini ugwe uliokatika haujapata dawa ya kuurudisha, hospitalini wala kwa mganga. Anayekuahidi dawa hiyo kwa malipo ya ng'ombe wawili, baki na ng'ombe wako.

Sababu zilizopo kwetu

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na majeraha ya ugwe wa mgongo. Kwetu, ukipita wodi za mifupa utasikia habari zinazofanana: kijana kaanguka kutoka juu ya mnazi, mwembe au mparachichi, fundi kaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, abiria wa bodaboda kagongwa na lori, mchimbaji kafukiwa kwenye shimo la dhahabu. Wengi ni wanaume vijana, na wengi walikuwa kazini.

Lakini si kila aliyepooza kaanguka. Kifua kikuu hakikai mapafuni peke yake. Hushuka mgongoni na kula pingili taratibu. Mtu huumwa mgongo kwa miezi, hasa usiku, anapungua uzito, anatoka jasho, halafu panatokea kibiongo, kisha miguu inakuwa mizito. Huyu akiwahiwa na dawa za kifua kikuu, zinazotolewa bure katika vituo vyetu vya serikali, anaweza kusimama tena. Kwenye maeneo ya ziwa kuna pia kichocho ambacho mayai yake hufika kwenye ugwe, nacho kina tiba. Kwa hiyo ukiona maumivu ya mgongo yanaandamana na miguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu unayokalia, au mkojo kugoma kutoka, usingoje Jumatatu. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Watoto wengine huzaliwa na mgongo wazi. Uti wao haukufunga katika majuma manne ya kwanza ya mimba, wakati ambao mama wengi hawajajua hata kama wana mimba. Asidi ya foliki, ikitumiwa kabla ya kushika mimba, hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana inachanganywa kwenye unga wa viwandani.

Na kuna konzo. Daktari Giovanni Trolli aliielezea mwaka 1938 kutokana na wagonjwa wa Kwango, kusini magharibi mwa Kongo. Mwaka 1981 ililipuka Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, ikapoozesha zaidi ya watu elfu moja. Mwaka 1985 ilifika Tarime, kwetu Mara. Kila mara habari ilikuwa ileile: ukame au vita, chakula kimekwisha, kimebaki mhogo mchungu, na njaa haimpi mama nafasi ya kuuloweka mpaka utoe sumu yake ya sianidi. Udaga au makopa yakipikwa kabla ya wakati, na hakuna maharage wala dagaa wa kuusaidia mwili kuivunja sumu, mtoto aliyelala mzima huamka miguu imekaza, na akitembea hutembea kwa ncha za vidole huku magoti yakigongana. Hali hiyo haiponi, ila haizidi. Na sikilizeni vizuri hapa: mtu wa konzo hisia zake ni nzima na mkojo wake anauzuia mwenyewe. Ndiyo maana, pamoja na ufukara wote ule, watu wa konzo wanaishi miaka mingi wakiwa na fimbo zao. Miguu imekakamaa, wao wako hai.

Kinga yake ni kuuloweka mhogo siku tatu au zaidi na kuuanika ukauke. Unga ambao tayari umesagwa huchanganywa na maji, ukatandazwa tabaka jembamba kivulini kwa saa tano ili sumu itoke hewani, kisha ugali unasongwa jioni hiyohiyo. Njia hiyo imefundishwa kwa akina mama huko Kwango na inafanya kazi.

Saa ya kwanza

Turudi kwa aliyeanguka mnazini. Watu wanakimbia, mmoja anamshika kwapani, mwingine miguuni, katikati mwili unaning'inia; wanamkunja, wanampakia kwenye bajaji akiwa amekaa. Wamefanya kwa upendo, na huenda upendo huo umemalizia kazi ambayo mnazi uliianza. Pingili iliyovunjika bila kuhama inaweza kuhamia njiani.

Mwacheni alale palipo salama. Mmoja apige magoti kichwani, ashike kichwa kwa mikono miwili, asikiache mpaka hospitalini. Muulizeni kama anahisi miguu na kama anaweza kuitikisa. Tafuteni mlango, ubao mpana au meza iliyong'olewa miguu. Watu watatu au wanne wapange mstari upande mmoja, mmoja bega, mmoja nyonga, mmoja magoti; aliyeshika kichwa ahesabu, na mwili mzima ugeuke kwa pamoja, shingo na kiuno visipishane. Ubao uingie, alazwe, afungwe kwa khanga asiteleze. Gari la mizigo lililo wazi nyuma ni bora kuliko bajaji. Kama anatapika au hapumui vizuri, njia ya hewa inatangulia mgongo, ageuzwe ubavuni vilevile kwa pamoja.

Akifika hospitali, ule ubao utolewe mapema. Nimeona mtu amelazwa juu yake kutwa nzima kwenye foleni ya eksirei, na kidonda kikaanza siku hiyo.

Ngozi

Miaka elfu na mamia kadhaa kabla ya Kristo, waganga wa Misri waliandika kwenye mafunjo jinsi ya kumtambua aliyevunjika shingo akapooza, wakashauriana kutomtibu. Ushauri huo ulidumu mpaka karne iliyopita. Askari wa Vita ya Kwanza ya Dunia waliopigwa risasi za mgongo wengi walikufa katika majuma na miezi ya mwanzo kwa vidonda na maambukizi ya mkojo.

Aliyebadili mambo ni Ludwig Guttmann, daktari Myahudi aliyekimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1939 akaenda Uingereza. Tarehe 1 Februari 1944 alifungua wodi ya majeraha ya mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville. Hakuwa na dawa mpya. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, bila kuruka zamu, na mkojo ushughulikiwe kwa usafi mkali. Vifo vya miezi ya mwanzo vikapungua sana.

Kwa nini saa mbili? Mimi na wewe tukikaa tunajisogeza kila baada ya dakika chache bila kujua, kwa sababu matako yanalalamika. Ya aliyepooza hayalalamiki. Mfupa unaiminya nyama dhidi ya godoro, damu haipiti, nyama inakufa kuanzia ndani karibu na mfupa. Kinachoonekana juu ni kidogo kuliko kilichoko chini.

Basi ukaguzi ni asubuhi na jioni. Mlaze ubavuni, washa taa au mpeleke penye mwanga wa dirisha, tazama kifandugu, nyonga zote mbili, mifupa ya kukalia, vifundo na visigino. Vitabu vingi husema utafute wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani. Tafuta pale palipozidi weusi kuliko jirani yake, kisha gusa kwa nyuma ya vidole: ni pa moto, pagumu, au pamekuwa teketeke? Ukikuta hivyo, sehemu hiyo isikandamizwe tena mpaka irudi kawaida. Msiisugue wala kuikanda. Mnavunja nyama ambayo tayari inaumia. Mwenye mikono mizima ajikague mwenyewe kwa kioo kidogo, asimngoje mtu.

Kuna mtindo wa kusokota khanga ikawa ngata, au kuchukua mpira wa ndani wa tairi, na kumkalisha juu ya tundu lake. Acheni. Ukingo wa ngata unakata damu pande zote za hilo tundu. Visigino vining'inie hewani kwa kuweka mto chini ya mashavu ya miguu. Anayekaa kitini ajiinue kwa mikono au ainame mbele angalau kila nusu saa, abaki hivyo dakika moja au mbili. Kiti kiwe na mto wake maalumu. Kiti bila mto ni nusu ya kiti. Na kule kwenye baridi ya Njombe na Makete, jiko la mkaa lisiwekwe karibu na miguu isiyohisi. Nyama huungua, mwenyewe anazungumza na wageni.

Kibofu

Hapa wengi hutazama chini. Tazameni juu tu, sote tunakojoa.

Kibofu kilichopoteza mawasiliano ama hujaa bila kutoa taarifa, ama hujibana ovyo kikavuja huku mlango wake umekaza. Kwa vyovyote mkojo mwingine hubaki ndani. Ukibaki huzaa vijidudu na mawe, na shinikizo likizidi hupanda mpaka kwenye figo. Kwa miaka mingi baada ya Vita ya Pili, kufa kwa figo ndiko kulikoongoza kuwaua waliokuwa wamenusurika na vidonda.

Mpira wa mkojo unaokaa ndani siku zote unafaa mwanzoni, ila ukiachwa kwa miezi unaalika maambukizi. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan alichapisha jambo ambalo wenzake hawakuliamini: mgonjwa anaweza kujiingizia mpira mwenyewe, akautoa baada ya kukojoa, mara kadhaa kwa siku, kwa usafi wa kawaida wa sabuni na maji, bila glavu na vifaa vya chumba cha upasuaji. Hoja yake ilikuwa kwamba kinachoharibu kibofu ni kujaa kupita kiasi, na anayekitoa mkojo kwa wakati hukilinda. Muda ulimpa haki.

Kwa vitendo ni hivi. Unanawa mikono kwa sabuni. Unasafisha njia ya mkojo. Unapaka mpira kilainishi cha maji, kamwe si mafuta ya mgando. Unauingiza taratibu mpaka mkojo utoke, unangoja uishe, unautoa. Unarudia kila saa nne mpaka sita, na kila mara usizidi kama mililita 500. Penye uwezo mpira ni wa mara moja. Penye uhaba, kliniki itakuelekeza namna ya kuuosha, kuukausha na kuuhifadhi. Msichana wa darasa la tano mwenye mgongo wazi hujifunza hili na kulifanya chooni shuleni kwao.

Msimnyime maji ili asilowe, wala yeye asijinyime. Haja kubwa nayo iwekewe saa yake, mara tu baada ya mlo, kila siku muda uleule, tumbo hufundishika. Na wenye jeraha la kuanzia pingili ya sita ya kifua kwenda juu wajue dharura moja: kichwa kikiuma ghafla kwa kishindo, jasho likitoka usoni, presha imepanda kwa hatari. Mkalishe wima, legeza nguo, tazama kama mpira umejikunja, kibofu kimejaa au choo kimeziba. Kikiondolewa chanzo, presha hushuka. Isiposhuka, hospitali mara moja.

Bikila

Tarehe 10 Septemba 1960 Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za maratoni mjini Roma akikimbia peku, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Siku nane baadaye, katika mji huohuo, wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23 walifungua michezo ambayo leo tunaiita Paralimpiki ya kwanza. Mbegu yake Guttmann aliipanda mwaka 1948, siku ya ufunguzi wa Olimpiki ya London, kwa mashindano ya upinde na mshale ya watu 16 kwenye uwanja wa hospitali yake.

Bikila alishinda tena Tokyo mwaka 1964. Machi 1969 gari lake lilipinduka karibu na Addis Ababa. Akapelekwa Stoke Mandeville, akakaa miezi. Mikono ilirudi, miguu iliyoshinda maratoni mbili za Olimpiki haikurudi. Mwaka 1970 alirudi Stoke Mandeville kushindana kwa upinde na mpira wa meza. Alifariki Oktoba 1973, akiwa na miaka 41, kwa damu kuvuja ubongoni.

Namtaja kwa sababu hakuna aliyekuwa na haki zaidi ya kuililia miguu kuliko yeye, naye alipewa huduma bora iliyokuwepo duniani wakati wake. Huduma hiyo ilikuwa nini? Kugeuzwa, kukaguliwa, kufundishwa kibofu chake, kuimarishwa mikono, kisha kupewa upinde. Hakuna hata moja linaloshindikana Lindi au Kigoma.

Baada ya hospitali

Maisha yanaendelea, na ya ndani pia. Mwanamke aliyepooza hushika mimba na kuzaa. Aanze kliniki mapema, maana anaweza asiuhisi uchungu. Mwanaume mwenye shida ya nguvu au ya kupata mtoto ana msaada akiuliza, kwa hiyo tuwape nafasi ya kuuliza bila shemeji chumbani.

Kiti cha magurudumu kipimwe kama fundi anavyopima suti. Kiti kipana cha msaada kilichotoka kwenye kontena humlaza mtu upande na kumzalia kidonda. Mafundi wa viungo bandia na viti wanafundishwa hapahapa, katika chuo kilichoko KCMC Moshi tangu 1981, tuwaajiri wilayani. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazungumzia majengo yanayofikika. Basi choo cha shule mpya kiwe na mlango wa sentimita 90 na ngazi zake ziwe na mteremko pembeni, kabla mkandarasi hajalipwa.

Kwa wenzangu wa hospitali nina ombi moja. Mgonjwa asiruhusiwe kwa sababu tu mfupa umeunga. Kabla hajatoka, yeye au mtu wa nyumbani aonyeshe mbele yetu, kwa mikono yake, mambo matatu: kugeuza, kukagua ngozi, kutoa mkojo. Asipoyaweza, tumfundishe kesho tena. Mpira, sabuni na kioo ni rahisi kuliko miezi sita ya kufunga kidonda kinachoonyesha mfupa, na halmashauri inayosema haina bajeti ya mipira tayari inalipia vidonda.

Nimemaliza sehemu yangu ya kusema. Pale nyuma kuna kitanda, mito minne na mipira ya mkojo ya kufanyia mazoezi. Mwenye mgonjwa nyumbani asiondoke kabla hajageuza mtu mzima kwa mikono yake mwenyewe. Maswali tutajibiana hukohuko.